Heko kwa Herufi ya Nauli

Tangu mwaka 2017 Rwanda ina lugha rasmi nne: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. Tiketi ya ndege inayouzwa Kigali haikuandikwa kwa hata mojawapo. Imeandikwa kwa lugha ya tano, ambayo haikupitishwa na bunge lolote, haina shairi wala methali, wala hakuna aliyebembelezwa nayo akiwa mchanga, na bado inatiiwa na kila mtu kuanzia Kanombe hadi Toronto. Neno lake muhimu kuliko yote lina herufi moja. Liko pale jirani na namba ya safari, limekaa peke yake bila maelezo: K. Au Q. Au V. Abiria hulipita akitafuta saa ya kuondoka. Ni aibu kwamba herufi hii imetuhudumia miaka yote hii bila hata mtu mmoja kuishukuru, na leo nataka kulilipa deni hilo.

Mahali panapofaa kuisifia ni Sonatubes. Kwa msomaji ambaye hajafika Kigali, hayo ni makutano ya barabara katika wilaya ya Kicukiro, yaliyochukua jina la kiwanda cha mabomba. Mtajie dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, namba ya barabara atakutazama tu. Sema Sonatubes, atakupa kofia ya kuvaa. Hapa ndipo jiji linapoamua linakwenda uwanja upi. Ukielekea upande wa Remera utafika Kanombe, kwenye uwanja tulio nao. Ukishika barabara ya Kicukiro Centre, Nyanza na Gahanga, utavuka mto Akagera na kuingia Bugesera, unakojengwa uwanja mpya ambao Qatar Airways ilikubali mwaka 2019 kuchukua asilimia 60 ya umiliki wake. Barabara hiyo imepanuliwa mapema ili wageni wa kesho wasikwame. Kwa hiyo anayesimama Sonatubes ana viwanja viwili vya ndege, kimoja kushoto na kimoja kulia, na anachosubiri ni basi.

Na basi ndilo linalotufundisha utukufu wa herufi, kwa sababu basi halina siri. Mamlaka ya udhibiti ya Rwanda, RURA, hutangaza nauli, wewe unagusisha kadi kwenye mashine ya Tap&Go, mashine inalia, hela imekatwa. Fundi umeme, mwanafunzi, karani wa wizara na mama mwenye kapu la parachichi, wote wa safari moja wanakatwa sawa. Haulizwi mtu alijua lini kwamba atasafiri. Haulizwi kama atalala huko Jumamosi. Aliyepanga safari yake tangu mwezi jana hapati nafuu, na aliyekuja mbio mlango ukifungwa hatozwi zaidi. Abiria anashuka vile vile alivyopanda, hajajifunza chochote kuhusu thamani yake duniani.

Sasa panda ndege. Tuchukue safu ya 23, viti vitatu vinavyofuatana. Povu la mto ni lile lile, magoti yanabanwa sawasawa, kuku ni yule yule na juisi inatoka katika boksi moja. Wa dirishani ana K, wa katikati ana M, wa pembeni ana Y. Huyu wa pembeni huenda amelipa mara mbili ya wa dirishani, pengine zaidi, na ndiye anayesimama kila mwenzake anapokwenda msalani. Lakini tazama amani iliyopo! Wanapishana viwiko kwa adabu, wanaazimana kalamu ya kujazia fomu, wanauliziana habari za watoto. Falsafa ngapi zimejaribu kuwakalisha pamoja watu wasio sawa bila ugomvi zikashindwa? Herufi imeweza, kwa njia rahisi ya kutowaambia. Jaribu kufanya hivyo ndani ya basi linalotoka kituo cha Nyabugogo uone kama litafika mji wa Muhanga.

Wenye wivu husema kwamba herufi hizi hazina mpango. Si kweli. Mpango upo, ila hauhusiani na alfabeti. F ni daraja la kwanza. J na C ni daraja la biashara kwa bei nono, na D huwafuata kwa karibu. Y ni daraja la kawaida kwa bei kamili, yaani kiti kile kile cha magoti kubanwa, ila kimelipiwa bila huruma. R ilipewa Concorde, ndege iliyopita kasi ya sauti. Concorde ilistaafu mwaka 2003, na herufi ikarudi mtaani kutafuta kazi nyingine. Chini ya Y wanakuja B, M, H, K, L, Q, T, V na ndugu zao, na hapo kila shirika hujipangia ukoo wake. K ya shirika moja ni kaka mkubwa. K ya shirika la pili ni kitinda mimba asiyepewa hata maili za uaminifu. Aliyekwisha kukariri herufi za Kenya Airways akihamia RwandAir au Ethiopian lazima aanze upya darasa la kwanza. Hivi ndivyo elimu isivyokuwa na mwisho.

Ukitaka kuona lugha hii ikiongewa na anayeijua, ingia ofisi ya wakala wa tiketi. Ataandika safari na tarehe, na kioo kitamjibu kwa mstari wa namna hii: Y9 B9 M9 H6 K2 L0 V0. Mgeni hudhani ni namba ya gari. Mwenye macho anaona ndege nzima. Tisa maana yake ni tisa au zaidi, kwani mfumo una haya na hautaji zaidi ya tisa hata kama ndege ni tupu. Sifuri ni mlango uliofungwa. Na usijumlishe namba hizo ukadhani umepata hesabu ya viti, maana kiti kimoja kinahesabika katika kila herufi iliyo juu yake: vile viwili vya K vimo pia ndani ya sita vya H, navyo vimo ndani ya M. Anayenunua Y anaweza kumeza kiti ambacho mwenye K alikuwa anakipigia hesabu. Mwenye K hawezi kumeza cha Y. Hakuna aliyeandika katiba iliyo wazi kiasi hicho.

Uzuri wa mstari huu huonekana familia inapoingia. Chukua mama mmoja, hapo hapo Sonatubes, anayetaka kwenda harusini Nairobi na wanawe watatu.

“Karibu mama.”

“Asante mwanangu. Jana uliniambia bei nyingine.”

“Jana ilikuwa K, mama. Leo K zimebaki mbili, na nyinyi mko wanne.”

“Basi wawili tupande hiyo K, wawili walipe hiyo ya leo.”

“Haikubali. Mkiwa pamoja mfumo unawaweka wote kwenye H.”

“Huo mfumo umetuona wapi?”

Swali la mama lilikuwa zuri, lakini mfumo hauna mdomo. Ukiombwa viti vinne hutafuta herufi ya chini kabisa yenye nafasi nne. K ikiwa na mbili haitoshi, basi wote wanapandishwa H, hata wale wawili ambao K ilikuwa inawangoja. Wakala mwenye moyo anaweza kuwagawa: wawili kwenye uhifadhi mmoja, wawili kwenye mwingine, na nauli itashuka. Kuanzia hapo mfumo unawatambua kama watu wasiofahamiana, na safari ikifutwa unaweza kuwapeleka wawili Nairobi leo na wengine wawili kesho kutwa bila dhamira kuusumbua. Sisi tunaojisifu kwa undugu hatukuwahi kujua undugu una bei ngapi mpaka herufi ilipotuambia.

Ni haki kuwataja mababu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini shirika la Uingereza la BOAC lilianza kumpunguzia nauli aliyelipa siku 21 kabla. Likaja tatizo: ukiuza viti vingi kwa bei ya chini, tajiri wa dakika ya mwisho atakuta ndege imejaa, ukiuza vichache, vitaruka vitupu. Mwaka 1972 mtaalamu wao Ken Littlewood aliandika kanuni ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa lugha ya sokoni inasema hivi: endelea kuuza rahisi mradi hela uliyoshika mkononi inazidi ile unayotarajia kwa mteja wa baadaye, ukiipima kwa uwezekano wa yeye kutokea. Muuza nyanya wa soko la Kimironko anaijua kanuni hii vizuri, ila yeye huigeuza, kwa sababu nyanya jioni hushuka bei. Kiti cha ndege nacho huoza, tena huoza dakika ile mlango unapofungwa, lakini jioni yake hupanda bei. Hiyo tofauti ndogo ndiyo iliyojenga biashara nzima.

Mwaka 1977 American Airlines walitoa nauli zao za Super Saver, zenye masharti ya kununua mapema na kukaa uendako siku kadhaa. Mwaka huo huo kwetu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na East African Airways ikafa nayo, hivyo hatukuwa na nafasi ya kufuatilia. Mwaka 1978 Marekani iliacha kuyapangia mashirika nauli, na kompyuta zikapata uhuru wao. Likazuka shirika la People Express, lenye wazo la kitoto la kumuuzia kila mtu tiketi rahisi bila ngazi nyingi za bei. Mwaka 1985 American, chini ya Robert Crandall, walilijibu kwa herufi: viti vichache wakaviuza bei ile ile ya People Express, vilivyobaki wakavilinda kwa ajili ya wenye haraka. People Express haikufikia mwisho wa miaka ya themanini. Ndivyo dunia ilivyothibitisha kwamba bei moja kwa wote ni jambo la mabasi.

Lakini sifa kubwa kuliko zote nimeiweka hapa katikati, kwa sababu inahitaji utulivu. Herufi inaheshimu misiba.

Kompyuta zilifundishwa kumtambua mfanyabiashara, na dalili zake zilijulikana: ananunua tiketi leo aondoke kesho, harudi siku anayopangiwa bali anayotaka, halali huko Jumamosi, na hapigii kelele bei kwa sababu kampuni inalipa. Sasa tazama mtu wa Kicukiro aliyepigiwa simu saa nane usiku kwamba baba mkubwa amefariki Mombasa na maziko ni adhuhuri ya kesho. Naye ananunua leo aondoke leo. Hajui atarudi lini. Jumamosi anaweza kulala au asilale. Hapigii kelele bei, kwa sababu analia. Kompyuta inampima, inaona dalili zote zimetimia, na inampa Y. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa V, siku ya msiba wake amepandishwa cheo sawa na mkurugenzi wa benki. Marehemu angekuwa mwungwana angetoa taarifa siku 21 kabla na kuwaokolea wanawe gharama. Waswahili waliposema kufa kufaana hawakuwa wamepanda ndege, ila waliona mbali.

Yapo mashirika ya ng’ambo, Amerika Kaskazini hasa, yaliyodhoofika na kuweka nauli ya wafiwa kwa mwenye kuleta uthibitisho. Hata huko adabu hailegezwi. Mwezi Februari 2024 baraza moja la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya abiria wa Air Canada aliyefiwa na bibi yake. Mashine ya kujibu maswali kwenye tovuti ya shirika ilikuwa imemwambia anunue tiketi kwanza kisha aombe punguzo la wafiwa ndani ya siku 90. Shirika likakataa kumlipa, likajitetea pamoja na mengine kwamba mashine ile inajibu kwa niaba yake yenyewe. Liliamriwa kulipa, kwa jumla yake, dola za Kanada 812 na senti mbili. Kwetu kesi ya namna hiyo haiwezi kutokea, kwa sababu hakuna anayemwahidi mfiwa kitu.

Herufi moja si mwisho wa hazina. Nyuma yake kuna jina kamili la nauli, kama vile mtu ana jina na ubini. Mtoto wa K anaweza kuitwa KLE3MRW. K mnaifahamu. L baada yake mara nyingi ni msimu wa chini, na ingekuwa H ungekuwa msimu wa juu, ambao kwetu ni Desemba na likizo za shule za Ulaya. E ni safari ya kwenda na kurudi yenye masharti ya muda. 3M ni miezi mitatu, yaani ukikaa siku moja zaidi tiketi inageuka karatasi. RW ni nchi ilikouzwa. Nimesema mara nyingi, maana hakuna sheria inayolilazimisha shirika kufuata desturi hii, na mengine huandika apendavyo mwandishi wao. Ukiona CH humo ni mtoto. Ukiona ID, huyo ni mfanyakazi wa shirika la ndege, analipa kidogo sana na pengine hana uhakika wa kiti. Mpishe kwa heshima, ndiye pekee humo ndani aliyesoma tiketi yake.

Chini zaidi, katika kona isiyosomwa, hukaa NONREF. Huyo ndiye mlinzi wa nyumba. Anasema nauli hairudi. Hasemi kwamba kodi na ada za viwanja, zile zilizokusanywa kwa ajili ya safari ambayo hukusafiri, mara nyingi zinarudi ukiziomba, na kwa tiketi fupi za kanda yetu kodi hizo si fedha za kubeza. Hasemi kwa sababu hakuulizwa. Pia hasemi kwamba YQ, ingawa imekaa katika orodha ya kodi na imevaa kama kodi, si kodi ya serikali yoyote. Ni tozo ya shirika lenyewe, iliyoanza maisha kama nyongeza ya mafuta na ikapapenda mahali ilipo. Nani angetaka kumsumbua abiria na mambo hayo wakati anafikiria uzito wa begi?

Na begi nalo ni mtoto wa herufi. Nauli za chini siku hizi katika mashirika mengi haziruhusu mzigo wa kupakia, mkoba wa mkononi tu. Sheria hii ilitungwa na mtu asiye na shangazi Brussels. Msafiri wa Kigali anayekwenda kwa ndugu hubeba isombe (kisamvu) iliyokaushwa, majani ya chai, kahawa, unga wa muhogo, maharage ya kwao na chupa za Akabanga zilizofungwa mara tatu ili pilipili isimwagikie suti. Akifika kaunta na tiketi yake ya bei ya chini, anatozwa begi, na jumla inavuka nauli ya herufi ya juu ambayo ingembebea mizigo yote na kumwachia tabasamu. Hapo herufi imetimiza kazi ya mwalimu: imemfundisha hesabu mtu mzima, hadharani, foleni nzima ikisikiliza.

Zamani fadhila hizi zilikuwa na mwili. Tiketi ilikuwa kijitabu chembamba, kurasa zake zikiwa na kaboni nyekundu mgongoni iliyokuchafua vidole, na wazee wanavyo hadi leo kwenye masanduku pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za viwanja. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ikamaliza habari hiyo mwezi Juni 2008, tiketi zote zikawa za kielektroniki. Vidole vikawa safi, na herufi ikapungua ukubwa.

Sasa nasikia mbaya zaidi. Mashirika yameichoka alfabeti. Alfabeti ina herufi 26 tu, hivyo ngazi za bei haziwezi kuzidi hapo; bei ikitoka K kwenda H inaruka, na katikati ya mruko huo kuna abiria ambaye angekubali kulipa kidogo zaidi ya K lakini hakuna herufi ya kumdai. Kuanzia mwaka 2012 IATA imekuwa ikisukuma mfumo mpya wa kuuzia tiketi uitwao NDC, na baadhi ya mashirika makubwa, kundi la Lufthansa likiwa mojawapo, yamekwisha kuanza bei isiyo na ngazi, inayopanda na kushuka kwa vipande vidogo vidogo kadiri kompyuta inavyokupima. Yaani kila mtu na bei yake, bila hata herufi ya kuielezea. Tutamuuliza nini wakala? Leo angalau anaweza kumwambia mama wa Sonatubes kwamba ilikuwa K na sasa ni H, naye akaenda nyumbani na jina la kulaani. Kesho atamwambia tu kwamba imebadilika.

Kwa hiyo tuienzi ingali hai. Wanaokusudia kusafiri Desemba wasikawie: L na V zimekwisha, K zimebaki mbili, na najua nyinyi mko wanne.